Manuel García (1805–1906) na Chimbuko la Uchunguzi wa Zoloto Hai

1.0 Utangulizi

Katika vitabu vya fonetiki vinavyotumika kufundishia, mwanafunzi hukutana mapema na mchoro wa zoloto lililoangaliwa kutoka juu: mikunjo miwili myeupe iliyoungana kwa mbele na kuachana kwa nyuma, na kati yake uwazi wa umbo la pembetatu uitwao glota. Kwa mchoro huo hufafanuliwa tofauti ya sauti ghuna na sauti sighuna, mnong'ono, mpumuo na kituo cha glota. Ni nadra kuelezwa kwamba mwendo unaowakilishwa na mchoro huo, yaani kufunga na kufungua kwa glota ya mtu aliye hai anayetoa sauti, haukupata kuelezwa kwa ukamilifu na yeyote aliyeuona kwa macho kabla ya mwaka 1855. Aghalabu husahauliwa pia kwamba aliyeueleza hakuwa tabibu wala mwanaisimu, bali mwalimu wa uimbaji ambaye sauti yake mwenyewe ilikwisha haribika akiwa kijana.

Makala haya yanasimulia maisha ya mwalimu huyo, Manuel Patricio Rodríguez García, na kulipima upya suala lililobishaniwa tangu mwaka 1858: ni kwa kiasi gani anastahili kuitwa mwanzilishi wa laringoskopu, yaani kioo cha kuangalizia zoloto. Jibu la suala hilo lina uzito kwa wanafonetiki, kwani linahusu namna sayansi yao ilivyopata ushahidi wake wa kwanza wa kuonekana.

Kabla ya kuendelea, yafaa kugusia istilahi. Zoloto huitwa pia kongomeo au koromeo. Kidakatonge kwa baadhi ya waandishi ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kaakaa laini, ambacho hapa kitaitwa kimio. Kwa wengine, wakiwamo wanafonetiki wengi, ni kifuniko cha zoloto, na hiyo ndiyo maana itakayofuatwa hapa. Ama kuhusu kile kinachoitwa nyuzi za sauti, jina hilo limerithiwa kutoka kwa Mfaransa Antoine Ferrein, aliyeamini mwaka 1741 kwamba viungo hivyo hulia kama nyuzi za fidla. Kiswahili, kama lugha nyingi nyingine, kimelitafsiri jina pamoja na kosa lililomo ndani yake. Viungo hivyo si nyuzi bali ni mikunjo ya utando na misuli, na García ni miongoni mwa waliosaidia kulibainisha hilo. Kwa sababu hiyo makala haya yanatumia mikunjo ya sauti.

2.0 Nasaba na ujana

García alizaliwa Hispania tarehe 17 Machi 1805 katika ukoo wa waimbaji. Baba yake, aliyejulikana pia kwa jina la Manuel García, alikuwa mwimbaji wa tenori mwenye sifa kubwa, na ndiye aliyeimba kwa mara ya kwanza nafasi ya Almaviva katika opera ya Rossini kuhusu kinyozi wa Seville ilipooneshwa Roma mwaka 1816. Mama yake, Joaquina Sitches, aliimba pia. Dada zake wawili walikuja kumshinda kwa umaarufu: Maria Malibran, aliyefariki mwaka 1836 akiwa na umri wa miaka 28 tu baada ya kuanguka kutoka juu ya farasi, na Pauline Viardot, aliyeishi hadi mwaka 1910. Katika nyumba kama hiyo mtoto hakuulizwa kama angependa kuimba. Baba alikuwa mkali, na masomo ya sauti yalianza mapema.

Mwaka 1825 baba alikusanya kikundi cha waimbaji na kuvuka nacho bahari hadi New York, ambako opera za Kitaliano katika lugha yake ya asili zilikuwa bado hazijaoneshwa. Onesho la kwanza lilifanyika tarehe 29 Novemba 1825 katika Park Theatre. Opera ilikuwa ile ile ya kinyozi. Baba aliimba nafasi ya Almaviva, Maria ile ya Rosina, mama alishiriki, na Manuel mwenye umri wa miaka 20 alikuwa Figaro. Kikundi kile kilikuwa kidogo na kazi ilikuwa nyingi. Kijana aliyetakiwa kuimba kwa nguvu, usiku baada ya usiku, katika umri ambao sauti ya kiume ilikuwa bado haijakomaa, aliiumiza sauti yake kiasi kwamba haikupata kurudia hali ya kumwezesha kuishi kwa kazi ya jukwaani. Baba aliendelea na safari hadi Mexico, na katika kuondoka huko aliporwa na majambazi mapato yake. Mtoto alirejea Ulaya akiwa na swali lililomsumbua tangu hapo: ni kitu gani hasa kilichoharibika kooni mwake?

3.0 Paris, 1830–1848

Mwaka 1830 García aliliacha jukwaa na kufuatana na jeshi la Ufaransa lililokwenda kuuteka mji wa Algiers. Aliporudi alifanya kazi katika hospitali za kijeshi, na huko ndiko alikopata kusoma anatomia ya zoloto. Jambo hili halina budi kusisitizwa, kwa sababu simulizi nyingi humfanya aonekane kama mwalimu wa muziki aliyebahatika tu siku moja kuona kioo. Mtu aliyetazama kooni mwaka 1854 alikuwa na zaidi ya miaka 20 ya kuyashika, kuyapasua na kuyalinganisha mazoloto ya wafu na ya wanyama, na alikuwa akijua atakachokitafuta.

Baba alifariki mwaka 1832, na García akabaki mwalimu Paris. Katika miaka hiyo waimbaji walikuwa wamezongwa na jambo jipya. Mwaka 1837 tenori Gilbert Duprez aliistaajabisha Paris kwa kuimba noti ya juu mno kwa sauti nzito ya kifuani, ambapo wenziwe walizoea kuipunguza sauti na kuifanya nyembamba. Hilo liliwezekanaje? Mwaka 1840 matabibu wawili wa Lyon, Diday na Pétrequin, walitoa maelezo yao, na mwaka huo huo García aliwasilisha andiko lake kuhusu sauti ya binadamu mbele ya Akademia ya Sayansi ya Paris. Andiko lilichunguzwa na jopo lililowajumuisha Magendie na Dutrochet, na taarifa yao ikatolewa mwaka 1841.

Hoja kuu ya andiko hilo ilikuwa kutenganisha mambo mawili ambayo walimu walikuwa wakiyachanganya. La kwanza ni rejesta, ambayo García aliifafanua kuwa ni mfululizo wa sauti zinazopanda kutoka chini hadi juu zikiwa zimezalishwa na utaratibu mmoja wa kimakanika. Panapobadilika utaratibu, rejesta nayo hubadilika. (Wanaisimujamii wa Kiswahili wamelichukua neno hili kwa maana nyingine kabisa, na msomaji asichanganye.) La pili ni rangi ya sauti, iwe angavu au ya kiza, ambayo hutegemea umbo la mkondo ulio juu ya glota na kimo cha zoloto. Sauti ya kiza hupatikana zoloto likiwa limeshuka. Sauti angavu, likiwa limepanda. Msomaji wa fonolojia ya leo atatambua hapa mgawanyo wa chanzo cha sauti na kichujio chake uliokuja kuwa msingi wa fonetiki akustika katika karne ya 20. Halikadhalika suala la kushuka kwa zoloto si geni kwa wachunguzi wa Kiswahili, kwani ndilo linalotumika kueleza namna wasemaji wengi wanavyotamka b, d, j na g zao kwa kuvuta hewa kidogo ndani.

Katika kipindi hicho ndipo alipokuja Jenny Lind. Huyu alikuwa mwimbaji wa Sweden, aliyezaliwa mwaka 1820, na tayari alikuwa kipenzi cha Stockholm. Alipofika kwa García mwaka 1841 alikuwa amechoka kwa kuimba nafasi nzito mfululizo. Sauti ilikuwa na mkwaruzo na katika majaribio ya kwanza ilimkatikia. García hakukubali kumfundisha. Alimwamuru anyamaze kwa muda wa wiki 6, asiimbe kabisa na aongee kwa uchache iwezekanavyo, ndipo arudi kusikilizwa upya. Baada ya muda huo sauti ilikuwa imeanza kupata nafuu, na masomo yakaendelea kwa muda unaokaribia mwaka mmoja. Lind aliondoka akiwa mwimbaji aliyekuja kutikisa London mwaka 1847 na Marekani mwaka 1850.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama ngano ya mwalimu mwenye busara. Kwa upande wa utafiti wa maradhi ya sauti kina maana zaidi ya hiyo. Mikunjo ya sauti inapogonganishwa kwa nguvu na kwa muda mrefu, utando wake huvimba, na mahali panapopigwa zaidi, yaani pale theluthi ya mbele inapokutana na theluthi ya kati, huweza kuota vinundu. Mikunjo yenye uvimbe haifungi sawasawa. Hewa huvuja, sauti hukwaruza, na msemaji au mwimbaji hukaza zaidi ili kufidia, na kwa kukaza huko huzidisha uvimbe. Mapumziko huuvunja mzunguko huo. García aliufuata utaratibu huu mwaka 1841 bila kuweza kuona hata chembe ya kilichokuwa kikitokea kooni mwa mgonjwa wake. Hakujua, na hakuna aliyeweza kujua, kama kulikuwa na vinundu, damu iliyovilia, au uchovu wa misuli tu. Kwa mtu aliyepoteza sauti yake kwa kukosa mapumziko kama hayo, kutoona huko hakukuwa jambo dogo.

4.0 Kioo

Mapinduzi ya mwaka 1848 yalimhamisha García hadi London, na huko akaanza kufundisha katika Royal Academy of Music, kazi aliyoishikilia hadi mwaka 1895. Mwezi Septemba 1854 alikuwa Paris kwa likizo. Akitembea karibu na Palais Royal aliona jua likimetameta katika vioo vya madirisha, na hapo akapata picha ya vioo viwili vya laringoskopu vikiwa mahali pake, kana kwamba viko mbele ya macho yake. Alikwenda moja kwa moja kwa Charrière, mtengenezaji wa vyombo vya upasuaji, akauliza kama kuna kioo kidogo chenye mpini mrefu. Kilikuwapo kimoja, cha kutazamia meno, kilichopelekwa katika maonesho ya London ya mwaka 1851 bila kupata mnunuzi. García alikinunua kwa faranga 6.

Alikipasha kioo hicho katika maji ya moto ili pumzi isikitie ukungu, akakikausha, akakiingiza mdomoni hadi kikagusa kimio, na kwa kioo cha mkono akaurudisha mwali wa jua juu yake. Glota ilikuwa wazi mbele yake, na kupitia uwazi huo akaona hata sehemu ya bomba la hewa. Koo lake lilivumilia kuguswa bila kutapika. Bahati hiyo ilimwezesha kurudia jaribio mara nyingi, akivuta pumzi, akitoa sauti ya chini, ya juu, ya kifuani na ile nyembamba.

Simulizi ya Palais Royal imependwa mno, na pengine imeficha lililo muhimu zaidi. Taarifa aliyoiwasilisha mbele ya Royal Society ya London mwaka 1855, kwa msaada wa Profesa William Sharpey, inaieleza njia yake kwa sentensi chache tu na kuendelea na matokeo. Matokeo hayo ndiyo yenye uzito. Kwanza, aliona kwamba katika rejesta zote, na kwa sauti kubwa au ndogo, kinachotikisika ni mikunjo ya chini peke yake. Mikunjo ya juu, ambayo baadhi ya wanafiziolojia walidhani inashiriki, haizalishi sauti. Pili, alieleza jinsi gegedu mbili ndogo za nyuma ya zoloto zinavyokaribiana na kuifunga glota, na jinsi mikunjo inavyogusana kwa kina chake chote katika sauti ya kifuani lakini kwa kingo zake tu katika sauti nyembamba. Tatu, na hili ndilo lililowagusa wanafonetiki, alishikilia kwamba sauti haitokani na mikunjo kulia kama nyuzi. Hutokana na hewa yenyewe kukatwakatwa: glota hujifunga, hewa hubanwa chini yake, huisukuma na kutoka kwa mshindo mdogo, kisha glota hujifunga tena. Kadiri mishindo hiyo inavyofuatana kwa kasi ndivyo kidatu kinavyopanda.

Aliungama pia upungufu wa njia yake. Kidakatonge kilimficha sehemu ya mbele ya glota isiyopungua theluthi, na kila kitu kilitegemea jua.

5.0 Ubishi wa Vienna

Je, García alikuwa wa kwanza? Kwa maana finyu, hapana. Philipp Bozzini wa Frankfurt alitangaza mwaka 1807 taa yake ya mshumaa yenye mirija ya kutazamia ndani ya mwili. Benjamin Babington alionesha London mwaka 1829 chombo chenye kioo cha kutazamia glota. Robert Liston, mpasuaji, alitaja katika kitabu chake cha mwaka 1837 uwezekano wa kuona uvimbe wa kooni kwa kioo cha daktari wa meno. Hata hivyo hakuna katika hawa aliyeacha maelezo ya namna glota inavyofanya kazi. Walikuwa wakitafuta ugonjwa katika koo la mtu mwingine, mtu aliyekuwa akikohoa, akiogopa na kutapika. García alitafuta utendaji katika koo lake mwenyewe, na alikuwa na ujuzi ambao hawakuwa nao: aliweza kutoa kwa hiari, na kuishikilia, sauti yoyote aliyotaka kuichunguza. Chombo kilikuwa karibu kile kile. Tofauti ilikuwa katika swali na katika mtoa data.

Taarifa ya mwaka 1855 haikuwasisimua matabibu wa London. Aliyekiingiza kioo hospitalini ni Ludwig Türck, daktari wa Hospitali Kuu ya Vienna, katika kiangazi cha mwaka 1857. Majira yalipobadilika na jua kupungua, aliviweka vioo vyake kando. Mwezi Novemba Johann Czermak, mwanafiziolojia aliyezaliwa Prague na kufundisha Pest, aliviazima. Czermak aliondoa kikwazo cha jua kwa kutumia taa na kioo cha mbonyeo chenye tundu katikati, kama kile cha matabibu wa macho, na mwaka 1858 akachapisha matokeo yake akikiita chombo hicho kioo cha García. Türck aliona amenyang'anywa haki yake. Ubishi uliofuata ulikuwa mchungu na wa miaka mingi. Akademia ya Paris ilijaribu kuumaliza mwaka 1861 kwa kuwatuza wote wawili. García hakujiingiza. Chuo Kikuu cha Königsberg kilimtunukia mwaka 1862 shahada ya heshima ya udaktari wa tiba.

Inaelekea mgawanyo wa haki ni huu: Türck alikipeleka kioo kwa mgonjwa, Czermak alikipatia mwanga na wasomaji, na García alikipatia maarifa. Kumpunguzia García sehemu yake kwa hoja kwamba hakutibu mtu ni kusahau kwamba tiba haikuwa shabaha yake.

Czermak ana umuhimu wa pekee kwa wanaisimu. Alikitumia kioo kuchunguza matamshi, yakiwamo ya sauti za kooni za Kiarabu, na Ernst Brücke wa Vienna akachapisha mwaka 1860 uchunguzi wake wa sauti za lugha hiyo. Hapo ain na ha zilielezwa kwa misingi ya kile kinachotendeka juu ya glota. Mtafiti wa maneno ya mkopo katika Kiswahili, anayetaka kueleza kwa nini ain imetoweka katika ibada, adui na arusi ilhali gh imebaki katika ghali na ghafla kwa wasemaji wengi, anatumia mgawanyo wa mahali pa kutamkia ambao mizizi yake imo katika majaribio hayo.

6.0 Kioo mikononi mwa matabibu

Maendeleo ya tiba yalikuwa ya haraka. Mwaka 1861 Victor von Bruns wa Tübingen aliondoa uvimbe katika zoloto la ndugu yake kwa kupitia mdomoni, akiongozwa na kioo tu, bila dawa ya ganzi. Ganzi ya kooni ilipatikana mwaka 1884, pale Edmund Jelinek wa Vienna alipoitumia kokeini. Morell Mackenzie, aliyejifunza kwa Czermak, alifungua London mwaka 1863 zahanati ya maradhi ya koo. Vienna ilipata kliniki yake ya zoloto mwaka 1870 chini ya Leopold Schrötter. Theodor Billroth aliliondoa zoloto zima lenye saratani siku ya mwisho ya mwaka 1873.

Lakini kuona si sawa na kujua, na tukio lililolidhihirisha hilo liliwahusu watawala wa Ujerumani. Mwanzoni mwa mwaka 1887 Friedrich, mrithi wa kiti cha enzi, alishikwa na ukwaruzo wa sauti usiokwisha. Gerhardt wa Berlin aliona kwa kioo uvimbe katika mkunjo wa kushoto na kujaribu kuuchoma. Uliporudi, matabibu wa Kijerumani walishuku saratani na kupanga upasuaji mwezi Mei. Mackenzie aliitwa kutoka London. Alikata vipande vya uvimbe kwa msaada wa kioo, na Rudolf Virchow, bingwa wa patholojia, hakuona saratani katika vipande hivyo. Upasuaji ukaahirishwa. Uvimbe ukakua. Tarehe 9 Februari 1888, mjini San Remo, ilibidi bomba la hewa litobolewe ili mgonjwa asikabwe. Mwezi mmoja baadaye alitawazwa kuwa Kaizari Friedrich wa Tatu, akiwa hawezi tena kusema, akiwasiliana kwa kuandika katika vijikaratasi. Alitawala kwa siku 99 na kufariki tarehe 15 Juni. Uchunguzi wa maiti ulithibitisha saratani. Mackenzie alilaumiwa vikali, naye akajibu kwa kitabu kilichowachukiza hata wenzake wa Uingereza. Kwa haki inafaa isemwe kwamba kioo kilikuwa kimefanya kazi yake tangu siku ya kwanza. Kilichokosekana ni kipande kilichokatwa mahali panapostahili, na upasuaji wenyewe wakati ule ulikuwa ukiwaua wengi.

7.0 Mpigo wa glota

García mwenyewe alikabiliwa na lawama za namna nyingine. Katika kitabu chake kikubwa cha uimbaji, kilichotoka kwa sehemu mbili mwaka 1840 na 1847, alifundisha kwamba irabu ianzwe kwa kuifunga glota kwanza na kuifungua kwa usahihi, mbinu aliyoiita mpigo wa glota. Wanafonetiki wataona kwamba alikuwa akieleza kituo cha glota chepesi, miaka mingi kabla hakijapata alama yake katika alfabeti ya kimataifa. Walimu waliomfuata, na hasa waliowafuata hao, waliugeuza mpigo huo kuwa pigo. Wanafunzi walianza kila irabu kwa mshindo kama wa kikohozi, na matabibu wa mwisho wa karne wakaanza kuwapokea wakiwa na mikunjo iliyovimba. Kwa kejeli ya mambo, mtu aliyemnyamazisha Jenny Lind kwa wiki 6 akawa anatajwa kama chanzo cha kuharibika kwa sauti za wengine.

Katika kitabu chake cha mwisho, cha mwaka 1894, kilichoandikwa kwa maswali na majibu, alilirudia jambo hilo kwa uangalifu na kusisitiza kwamba mpigo ni kitendo cha glota peke yake na usichanganywe na msukumo wa kifua. Hata hivyo sehemu ya lawama inamstahili. Jina alilolichagua lilibeba maana ya kupiga, na istilahi ikishaenea humfundisha msomaji kile inachokitaja, wala si kile mtungaji alichokikusudia.

8.0 Miaka ya mwisho na baada yake

García aliishi muda mrefu kuliko karibu wote waliobishana juu ya kioo chake. Türck alifariki mwaka 1868, Czermak 1873, Mackenzie 1892. Mwaka 1881 alihutubia mkutano wa kimataifa wa matabibu mjini London kuhusu historia ya uvumbuzi huo. Tarehe 17 Machi 1905, alipotimiza miaka 100, wataalamu wa koo kutoka nchi mbalimbali walikusanyika London kumpongeza chini ya uongozi wa Felix Semon. Mfalme Edward wa Saba alimpokea siku hiyo na kumpa nishani. Hispania na Ujerumani zilimtunuku zake. Picha yake iliyochorwa na John Singer Sargent ilikabidhiwa kwake, na jioni akahudhuria karamu katika Hotel Cecil. Alifariki London tarehe 1 Julai 1906.

Dai lake la tatu, lile la mishindo ya hewa, lilibaki kubishaniwa. Mwaka 1950 Raoul Husson wa Ufaransa alidai kwamba kila mtikisiko wa mikunjo huamriwa na mshipa wa fahamu, na kwa miaka kadhaa nadharia hiyo ilipata wafuasi. Mwaka 1958 Mholanzi Janwillem van den Berg alieleza jinsi unyumbufu wa misuli na mkondo wa hewa vinavyotosha kuitikisa mikunjo bila amri ya namna hiyo, na maelezo yake, yaliyo karibu zaidi na ya García, ndiyo yaliyokubalika.

Kikwazo kimoja kilibaki hadi mwaka 1968. Kioo kilihitaji mdomo wazi na ulimi uliotolewa nje, kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 100 wachunguzi waliona irabu chache na karibu hakuna konsonanti. Mwaka huo Masayuki Sawashima na Hajime Hirose wa Tokyo walieleza mrija mwembamba wa nyuzi za kioo unaopitishwa puani, ambao humwacha msemaji huru kutamka maneno yake kama kawaida huku glota yake ikitazamwa.